Kasha la Majani Chai

Kwetu, juu kidogo ya Kaplong, mwezi wa saba mtu huvaa sweta mbili na bado chai inapoa kabla hajafika nusu kikombe. Huko ndiko mimi, miaka ya tisini ikielekea kuisha, niliamua kutengeneza kompyuta ya kupozwa kwa maji. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwani hii kitu inasikia joto wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Joto nilikuwa nimelileta mwenyewe. Nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Kericho, na gazeti fulani la mafundi lilikuwa limenifundisha namna ya kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko ilivyoumbwa. Ilikimbia dakika kumi, ikazima. Gazeti lilisema dawa ni maji. Fundi wa rejeta za magari wa Sotik akanichomelea kibati cha shaba chenye mfereji ndani, cha kukalia juu ya prosesa. Rejeta ndogo niliitoa kwenye pikapu mbovu. Pampu ilitoka kwenye tangi la samaki la hoteli moja, ambako samaki walikuwa wamekufa kwa sababu zao.

Haya yote yangebaki wazimu wangu mwenyewe kama si mjomba wa msichana niliyetaka kumwoa. Wazee wetu walikuwa wameenda kwao mara mbili, na mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka mjomba huyo, kaka ya mama yake, alipouliza kijana anafanya kazi gani. Akaambiwa anatengeneza kompyuta. Mzee alikuwa mpimaji wa maziwa katika chama cha wafugaji. Alikuwa amezeeka akiapiwa kila asubuhi kwamba maziwa ni safi, na wanaoapa ni wale wale walioyatia maji.

"Tutakuja Jumamosi tuone boma," alisema. "Na hiyo kompyuta tuione ikifanya kazi."

Neno la mjomba ndilo lililokuwa limebaki. Akikataa, basi. Nilimpenda yule msichana vibaya sana, na naliandika hili bila aibu.

Sasa mashine yangu ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya sebuleni, mipira ikipanda na kushuka. Mama aliitazama akiwa amekunja mikono.

"Hii ni matumbo," akasema. "Mgeni haonyeshwi matumbo. Tafuta kitu ya kuwekea."

Nilianza na kasha la kawaida la dukani, la bati jeupe. Rejeta ilikataa kuingia, hata nilipoisukuma kwa goti. Nikamwendea fundi wa masanduku ya wanafunzi wa bweni. Alinitengenezea sanduku zuri la bluu lenye mahali pa kufuli, maana hakuamini kwamba mtu anaweza kuwa na sanduku asilotaka kulifunga. Nilipowasha, lilinipiga shoti ya kiwiko nikakaa chini bila kupenda.

Fundi wa tatu alikuwa seremala wa majeneza karibu na hospitali ya misheni. Alipima rejeta, akapima bodi, akaandika yote kwa penseli juu ya ubao. Kisha akaniuliza kwa upole, kwa sauti aliyozoea kuwasemesha wafiwa, kama familia itapenda dirisha dogo la kioo upande wa juu. Nakiri dirisha lilinivutia. Nilijiona nikiwaonyesha wageni maji yakizunguka ndani. Lakini Mama aliposikia kazi imepewa nani, alisema jeneza halitaingia nyumbani kwake wakati watu wanakuja kuzungumza mambo ya ndoa, liwe na dirisha au na pazia.

Baba naye alinikabidhi mzinga wake wa zamani wa gogo. Alisema nyuki walihama, ingawa wanaweza kurudi. Nilimshukuru, nikaurudisha polepole nyuma ya ghala.

Alhamisi jioni nikiwa nimekata tamaa, niliona kasha la majani chai nyuma ya mlango wa jikoni. Viwanda vilikuwa vinahamia magunia ya karatasi, na makasha ya zamani ya mbao nyembamba yenye kingo za bati yalikuwa yameenea majumbani. Mama alilitumia kuwekea vyombo vya wageni. Niliomba, nikakataliwa, nikaomba tena kwa kutaja jina la msichana, na vyombo vikatolewa. Nilikwangua karatasi ya alumini iliyokuwa ndani, kwa sababu haipatani na umeme. Rejeta iliingia vizuri kabisa, na bodi ikasimama upande wake. Tatizo dogo lilikuwa harufu. Kila nilipowasha, vumbi la chai lililobaki kwenye nyufa lilipata joto, na nyumba nzima ikanukia kiwanda.

Kilichobaki kilikuwa chombo cha kuwekea maji na pampu yake. Nilichukua mkebe wa alumini wa lita ishirini, ule wa kupelekea maziwa, nikaujaza maji, nikapitisha mipira miwili kwenye mfuniko na kuusimamisha kando ya kasha. Mimi niliyezaliwa katikati ya ng'ombe sikuona kosa. Kwetu mkebe wa maziwa ukikutwa na maji, hakuna anayeuliza ni ya nini. Jina la boma limeshaharibika, na linafika soko la Merigi kabla yako.

Mama aliliona kosa hilo. Jumamosi asubuhi, nilipokuwa barabarani nikiwangoja wageni, alimwaga maji yangu yote na kumimina maziwa ya asubuhi. Hakuniambia. Kwake lilikuwa jambo la usafi, kama kufagia uwanja.

Wageni walikaa, wakanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu yaliyoganda, wakasifu malisho. Kisha nikawasha. Kioo kikawaka, pampu ikanguruma, nami nikafungua jedwali nililokuwa nimeandaa la uzito wa chai. Wazee wakaguna kwa heshima. Mjomba hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama mkebe.

"Hapa kuna nini?"

"Maji, mzee," nikasema.

Alisimama, akainua mfuniko, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akachovya kidole na kukiramba.

"Hii ni maziwa."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa mlangoni, anautazama mti uliokuwa nje. Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati huo huo pampu ikaanza kukohoa, krimu ikiwa imeziba rejeta, na kutoka kwenye kasha ukatoka mvuke wa maziwa moto na majani chai. Kioo kikawa cheusi.

"Imebaki sukari tu," Baba akasema.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa ameshatoa mfukoni mwa koti kile kipimo chake cha kioo cha kupimia maziwa, ambacho sidhani aliwahi kukiacha nyumbani, hata akienda kanisani. Alichota maziwa, akayatia kwenye birika refu, akakitumbukiza humo. Kikazama kupita kiasi, kama kizamavyo kwenye maziwa yaliyotiwa maji. Mama alishika fremu ya mlango.

"Maziwa moto inadanganya kipimo," mzee akasema. "Poza kwanza."

Basi tukapoza. Mashine yangu ya kupoza ilikuwa imeyachemsha, ikabidi birika lipelekwe kwenye mfereji baridi ambako sisi hupozea maziwa ya jioni. Wazee wanane walisimama kulizunguka, mikono nyuma. Mimi peke yangu nilijua jambo jingine. Ndani ya mipira na rejeta kulikuwa na maji yaliyobaki, vikombe viwili, labda vitatu, na sasa yalikuwa yamechanganyika na maziwa ya mama yangu. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya vikombe vitatu.

Mjomba akapima tena. Akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari.

"Iko na maji," akasema. "Kidogo."

Baba akavua kofia. Mjomba akapangusa kipimo kwa kitambaa, akakirudisha mfukoni, kisha akanitazama mimi.

"Miaka yote napima maziwa ya watu," akasema. "Wote wanasema ni maziwa, na mimi naona maji. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia ni maji kabla sijaweka kipimo." Akawageukia wazee wa kwao. "Huyu hawezi kudanganya mtoto wetu."

Tulifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Kasha lilirudi jikoni na vyombo vikarudi ndani, na mpaka leo vikombe vya wageni vinanukia maziwa yaliyoungua. Mzee aliendelea kunitaja kuwa mfano kwenye mikutano ya chama mpaka alipofariki, na kila mara nilikaa nikiangalia viatu vyangu. Mke wangu anaijua hadithi yote. Siku nilipomwambia kwamba sikuwa mkweli, nilikuwa tu sijui kilichomo kwenye mkebe, alisema anajua, na akaniomba nisimwambie mama yake, dada ya mjomba.