Nilivyofuta sauti ya mwenzangu kwa ajili ya neno "muntu"

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, huku Kongo. Haya ni ya kweli tupu, na bahati mbaya mkosaji ni mimi. Vumilieni, nimechoka kidogo.

Zamani wanafunzi wa chuo chetu tulikuwa na redio.

Kisimba, mwana wa fundi wa reli, ndiye aliyeunda mtambo kwa vipuri vya redio mbovu, akafunga antena juu ya tangi la maji. Tulisikika hadi Katanika, pembeni mwa mji, siku ambazo mtambo uliamka vizuri.

Mimi nilikuwa mkuu wa lugha. Cheo hicho nilijipa mwenyewe.

Kila kipindi kilirekodiwa kwanza kwenye kaseti. Nikisikia "muntu" badala ya "mtu", au "njo" badala ya "ndiye", nafuta, msomaji anarudia. Nilitaka tusikike kama watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Wenzangu wakaniita Papa Kamusi. (Nilidhani ni sifa.)

Kisimba alirudia mpaka basi, na "muntu" ikarudi naye. Mwishowe vipindi vyake nilivisoma mimi, nikarekodi juu ya kaseti zile zile.

Radi ikaunguza mtambo, redio ikafa. Miaka michache baadaye Kisimba naye akafa kwa homa, akaacha mtoto ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Mwezi uliopita mtoto huyo alibisha hodi kwangu. Anaitwa Nadine, anasoma chuo kile kile. Wameifufua redio, naye amepewa kazi ya kuandika historia ya redio hiyo.

"Historia nitaandika, Papa. Lakini mie natafuta sauti ya baba. Mama anasema kaseti ziko kwako. Sijamusikia hata siku moja."

Zilikuwepo, kwenye katoni juu ya kabati. Tukaazima redio-kaseti kwa jirani, tukasikiliza siku mbili.

Mimi. Mimi. Mimi tena, nikieleza wajibu wa kijana katika jamii.

Nadine alisinzia. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nasinzia.

Kwenye kaseti ya mwisho, niliaga wasikilizaji kwa madaha, halafu kiti kikalia. Kumbe siku ile nilisahau kuzima kinasa sauti.

"Kisimba, njoo usome. Sema mtu."

"Muntu."

"Mtu!"

"Ee Papa Kamusi! Mama yangu alizala muntu. Iyo 'mtu' yako njo nani? Ni mugeni wa Kigoma?"

Kicheko kirefu. Kisha kaseti ikaisha.

Nadine alirudisha nyuma. Akarudisha tena. Mara ya nne midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na ile sauti.

"Njo yeye," akasema.

Funzo langu ni dogo, wakuu. Miaka yote ile nilikuwa nahifadhi lugha, na kitu pekee cha maana nilichohifadhi kilibaki kwa uzembe.

Juzi ameniletea historia yake niisahihishe. "Muntu" zimejaa ukurasa hadi ukurasa. Nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi, na sijagusa hata moja.

Haya, uwanja ni wenu. Nisahihisheni, nimeyataka mwenyewe.