Atakayempeleka Zonia Nyumbani

Zonia Petryshen alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa Zelena, mji wao wa wakulima wa ngano, aliyewahi kumwita kwa jina lingine. Kazini, kwenye ghala la ngano, alikuwa Zonia wa mizani: lori linapanda, anasoma uzito, anamtania dereva kuhusu kitambi chake, lori linashuka. Kanisani alijifunga kitambaa kama wanawake wenzake. Kila Alhamisi alishuka nao kwenye chumba cha chini cha kanisa kukunja pirohi, vitobosha vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, mamia kwa mamia, za kuuza ili paa lizibwe. Hakuchukia lolote katika hayo. Jina lilikuwa la bibi yake, na alilipenda.

Alichokichukia ni matiti yake. Alianza kuyachukia yalipoota, akiwa na miaka kumi na miwili, na chuki hiyo haikupungua hata siku moja. Aliyafunga kwa bendeji pana, ile ya kufungia goti lililoteguka, akaibana mpaka kupumua kukawa kazi. Wakati wa mavuno, jua la Agosti likiwaka juu ya mizani, ngozi chini ya bendeji ilichubuka na kutoa maji. Usiniulize kwa nini. Watu wameniuliza mpaka nimechoka, kana kwamba mimi ndiye niliyemuumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alipofika hamsini alijipa moyo, akawasha pikapu yake akaenda jijini Saskatoon, mwendo wa saa mbili, kumwona mtaalamu wa mambo ya jinsia. Bila barua ya mtaalamu, daktari wa upasuaji hagusi kisu.

"Unapenda tukuite nani?" mtaalamu akamuuliza, kwa upole wa mtu aliyelipwa kuwa mpole.

"Zonia."

"Namaanisha jina lako la kiume."

"Sina."

Mtaalamu akaandika. "Homoni umetumia kwa muda gani?"

"Sijatumia. Sitaki ndevu. Baba alikuwa nazo, na zilimkaa vibaya."

Mtaalamu hakucheka. "Kazini wanajua kwamba wewe ni mwanaume?"

"Mbona mimi sijasema ni mwanaume?"

"Basi wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni Zonia asiye na matiti," akajibu. "Shida ni kwamba ninayo."

Akaambiwa akaanze homoni, aishi mwaka mzima kama mwanaume, kisha arudi. Aishi hivyo mbele ya nani? Mbele ya madereva aliosoma nao darasa moja, wanaojua mpaka jino lake la kwanza lilidondokea wapi? Mwaka uliofuata akaenda kwa mtaalamu wa pili, akapewa jibu lile lile pamoja na kikombe cha chai. Kwenye pikapu, njiani kurudi, alilia kwa hasira. Kama angedanganya, angeandikiwa barua siku ile ile. Angejitungia jina, angesema anaota ndevu, basi. Alinyimwa kwa sababu alisema kweli, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Wa tatu alikuwa Daktari Okimaw, mama mtu mzima wa Kikrii, wenyeji wa asili wa nyika zile, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Ukiamka ukute hayapo, kesho yake utafanya nini?"

"Nitavaa shati niende kazini."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Daktari Okimaw akaandika barua. Tarehe ikapangwa, kumi na nne Novemba.

Hospitali ikamletea fomu ya kujaza. Maswali yote yalikuwa mepesi isipokuwa moja: nani atakupeleka nyumbani na kukaa nawe siku za mwanzo? Chini yake palikuwa na onyo kwa herufi nzito, kwamba asiye na mtu hafanyiwi upasuaji. Zonia hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na dada mmoja, Slavka, aliyemzidi miaka minne. Akaandika jina la Slavka na namba yake ya simu, akijiambia atamweleza Jumapili baada ya misa. Jumapili ikafika, akasema Jumapili ijayo.

Hapa lazima nimseme Slavka. Miaka sita nyuma saratani ilimwingia kifuani, wakamkata yote mawili. Alimwomba daktari amwachie walau moja. Alipiga magoti, mwanamke mzima, kwenye sakafu ya hospitali. Alipona, lakini tangu siku ile hakumkumbatia mtu. Ukimsogelea alikuwa anatanguliza mkono.

Muuguzi akampigia Slavka kabla Zonia hajafungua kinywa. "Tunahakikisha tu. Utaweza kumchukua dada yako baada ya kutolewa matiti?"

"Nitaweza," Slavka akasema. Akakata simu, akakaa chini jikoni, akalia mpaka supu ikaungua.

Alhamisi Zonia aliposhuka ngazi za kanisa, mazungumzo yalikatika. Wanawake kumi na wanne, mikono imejaa unga, wanamtazama. Mama Hrycak, bibi wa miaka themanini mwenye ulimi usio na breki, ndiye aliyeanza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua! Ulitaka tuje kukusikia ukiwa ndani ya jeneza, wewe mtoto?"

"Maradhi gani?" Zonia akauliza.

Kabla hajajibiwa, Slavka aliizunguka meza akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu zote, kifua chake kilichokatwa kikiwa juu ya kifua cha mdogo wake. "Nyamaza," akamnong'oneza. "Usiseme kitu. Mimi najua. Nimepita huko. Hutapita peke yako."

Zonia akanyamaza. Hapo alikosea, na sitamtetea. Lakini na wewe ungekumbatiwa na dada yako kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, sijui kama ungepata pumzi ya kusema.

Siku tisa alikula uongo huo pamoja na vyakula vilivyokuja nao. Masufuria yalipangwa barazani kwake: kabeji za kukunja zenye wali, supu ya viazisukari vyekundu, kuku wa malai. Padri alisoma jina lake katika maombi ya wagonjwa. Madereva walivua kofia wakipita mizani. Slavka alikuja kila jioni baada ya kazi, akamletea kimto kidogo alichokishona mwenyewe. "Hiki utakiweka hapa, chini ya mkanda wa gari, la sivyo kila shimo la barabarani utalitukana." Akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu ujana wao, walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

Siku ya tisa hakucheka. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Larysa ameomba miadi kwa daktari wa upasuaji," akasema. Larysa ni binti yake wa pekee, ana miaka ishirini na sita. "Amesema, mama wewe, sasa na mama mdogo, wa tatu ni mimi. Anataka wamkate kabla hayajamuua. Na hajanyonyesha hata mtoto mmoja, Zonia. Nimemwambia afanye. Ningesema nini?"

Zonia aliona wazi kabisa kilicho mbele yake. Akisema kweli, hatakuwa na wa kumpeleka nyumbani, na tarehe aliyoingoja miaka arobaini itaondoka. Akinyamaza, mtoto aliyembeba mgongoni atakatwa kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo.

"Dada, sina saratani."

"Majibu yamebadilika?" Slavka akasimama, uso umejaa mwanga. "Mungu wangu! Wamesema huna?"

"Sikuwahi kuwa nayo. Nimeomba mwenyewe. Nimeyachukia tangu utotoni, nimewaomba wayatoe. Nimewaomba miaka mitatu."

Ule mwanga ulichukua muda kuzimika usoni mwa Slavka, na Zonia alilazimika kuutazama mpaka mwisho.

"Unataka kuwa mwanaume?"

"Hapana. Nataka kuwa mimi."

"Mimi niliwapigia magoti wayaache," Slavka akasema polepole. "Wewe umewapigia magoti wayatoe."

"Dada..."

"Yana nini? Yana uvimbe? Yanauma?"

"Hayana kitu. Ni mazima."

"Mazima," Slavka akarudia. "Mazima, na unakwenda kuyatupa. Ungeniambia siku zile, Zonia. Ningeyaomba."

Akaondoka. Kimto alikiacha mezani.

Zelena ni mji mdogo. Kufikia kesho yake mchana habari zilikuwa zimefika mpaka ng'ambo ya reli. Mama Hrycak alikuja mwenyewe kudai sufuria lake, na kabeji zilikuwa bado zimo. "Zilikuwa za mgonjwa," akasema, akazibeba. Padri aliliruka jina. Madereva waliendelea kuvaa kofia zao, mmoja akauliza kama sasa amwite Bwana Zonia, wenzake wakacheka. Zonia akamwambia asogeze lori.

Siku nne hakupata mtu. Alimwomba jirani, jirani akakumbuka ana safari. Tarehe kumi na nne aliamka alfajiri kwa mazoea tu, akavaa, akakaa barazani kwenye baridi akitafuta maneno ya kuwaambia hospitali kwamba haji. Ndipo gari la Slavka likaingia uani. Slavka hakuzima injini wala hakuteremsha kioo. Zonia akapanda.

Kwa saa mbili za njiani Slavka aliangalia barabara tu. Hospitalini Slavka alitia sahihi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akangoja. Jioni akamfunga mdogo wake mkanda, akakiweka kimto mahali pake, akaendesha taratibu, akikwepa kila shimo.

Alikaa naye siku tano. Hakuna muuguzi ambaye angefanya kazi ile vizuri zaidi, maana yeye alijifunza juu ya mwili wake mwenyewe. Mirija miwili ilitoka ubavuni kwa Zonia, ikamwaga maji ya damu kwenye vichupa. Slavka aliviosha asubuhi na jioni. Alijua upande gani wa kulala usioumiza. Alimchana nywele, kwa sababu mikono ya Zonia ilikatazwa kupita mabega. Alimlisha uji kwa kijiko. Maneno yake yalikuwa ya kazi tu. Geuka. Meza kidonge hiki. Inua kidevu. Zonia alianza kutumaini. Alidhani mtu hawezi kukuosha hivi na bado akawa amekuacha.

Siku ya tano bendeji kubwa ilitakiwa kufunguliwa. Slavka aliifungua bafuni, mzunguko mmoja baada ya mwingine, Zonia amesimama mbele ya kioo. Palikuwa na mishono miwili mirefu, michubuko ya rangi ya zabibu, na kifua bapa.

Zonia akacheka. Hakukusudia. Kilikuwa kicheko cha mtoto aliyefunguliwa kamba, na machozi yalikuja nyuma yake. "Dada, tazama," akasema. "Tazama, huyu ndiye mimi."

Slavka alikuwa anatazama.

"Mimi nilisimama hivi hivi," akasema. "Nikakigeuza kioo ukutani. Bado kimegeuka, Zonia, miaka sita sasa. Ningekusamehe uongo. Ningekusamehe hata jambo la Larysa. Amefuta miadi, na kwa hilo nakushukuru. Lakini umecheka."

"Nisamehe."

"Usiombe msamaha. Umefurahi, furahi. Ila mimi siwezi kukaa nikiangalia." Akakunja bendeji vizuri, akaiweka kando ya beseni. "Vichupa utaviosha mwenyewe, umeona ninavyofanya. Na Alhamisi usije. Wale mabibi watasahau, wana mambo mengi. Mimi ndiye sitaweza."

Zonia alitaka kumshika. Mikono ilifika kiunoni, maumivu yakamkata, na Slavka alikuwa amekwisha pita mlangoni. Alisikia gari likiwaka. Alibaki mbele ya kioo, kifua wazi, akiwa na furaha aliyoingoja maisha yake yote na huzuni iliyotosha kuifunika.

Alipona. Alirudi mizanini na shati la vifungo, bila bendeji, na madereva walipochoka kumtazama wakarudi kwenye kulalamikia bei ya ngano. Walimwita Zonia, naye akaitika. Alhamisi alikaa nyumbani. Alimpigia Slavka mara saba, na simu ililia mpaka ikakatika.

Mkesha wa Krismasi, nyota ya kwanza ilipotoka, simu yake ndiyo iliyolia. Alikuwa Larysa, akinong'ona.

"Mama mdogo, niko chumbani kwangu. Mama asijue."

"Mko salama?"

"Tuko salama. Tumekaa mezani, vyakula vyote kumi na viwili vya mkesha." Larysa akavuta pumzi. "Ile sahani ya marehemu, unajua, tunayomwekea Babu kila mwaka? Leo mama ameweka mbili. Nikamuuliza, ya pili ya nani? Akasema ya mdogo wake."

Zonia alisogea dirishani. Nje mtaa wote ulikuwa kimya, kila nyumba imekaa mezani.

"Ameiwekea chakula?" akauliza.

"Ameiwekea." Larysa alikuwa analia. "Ameweka kila kitu, mama mdogo. Uyoga ameongeza mara mbili, amesema ulikuwa unaupenda."