Mbao za nyumba ya marehemu

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwa muuza mbao hapa Embu, nikitafuta mbao za kajumba ka maombi nyuma ya nyumba yangu. Mbele yangu alikuwa mwanamke aliyetaka kumjengea mamake mgonjwa chumba uani, maana mama huyo alikuwa anatoka hospitalini Jumamosi.

Alichagua mbao kuukuu, kavu, zimenyooka. Akauliza, "Hizi zilitoka wapi?"

Muuzaji alijikuna shingo. "Sitakudanganya, mama. Zilibomolewa kwa nyumba ya mzee fulani huko chini. Alifia ndani."

Mwanamke aliondoa mkono kama aliyeguswa na moto. Huku kwetu zamani nyumba aliyofia mtu ilikuwa inaachwa mpaka ianguke yenyewe, na mbao zake haziguswi. Akanigeukia. "Mzee, nimlaze mama yangu ndani ya hizi?"

Mimi ni shemasi, kwa hivyo nilijibu kama shemasi. "Damu ya Yesu ina nguvu kuliko kifo cha mtu. Chukua, usiogope."

Akanitazama sana. "Basi tugawane. Zinatosha watu wawili."

Nilirudi nyuma hatua moja. Nikasema eti zangu lazima ziwe mpya.

Yeye aliweka viganja vyote viwili juu ya zile mbao, akaomba kwa Kiembu kwa sauti, akalipa, kisha akaita mkokoteni.

Mimi nilinunua mbao mpya za saiprasi, bado mbichi. Zimeshapinda, na mlango wa kajumba haufungi. Mungu anisamehe, humo ndani huwa naomba macho wazi, nikiuangalia mlango huo kwa hofu.