Mwimbaji Ambaye Hakuna Aliyemjua

Hata leo nikisikia gitaa likikazwa nyuzi kabla ya wimbo kuanza, hunijia harufu ya nyasi zilizokanyagwa uani kwetu Gisenyi, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa na babu yangu akafariki.

Babu aliimba besi katika kwaya ya parokia tangu familia yetu iliporudi kutoka Kongo. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba sisi wajukuu, tukikaa benchi la mbele, tuliisikia tumboni zaidi ya masikioni. Kwa hiyo kiongozi wa kwaya alipokuja kuulizia nyimbo za mazishi, aliingia kama mtu anayeingia kwake. Bibi akamkaribisha chai, akamshukuru, kisha akasema taratibu, "Kwaya isiimbe. Mukuje tu kusali."

Yule bwana aliondoka bila kugusa chai.

Kumbe Bibi alikuwa amekwisha kumwita mwimbaji kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, mwanamke wa gitaa aitwaye Mama Furaha. Hakuna aliyemjua. Shangazi Konsolata, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa mtu wa kushuku hata sahani iliyooshwa vizuri mno. Akanivuta jikoni.

"Iko kitu hapa," akaninong'oneza. "Mutu gani anakataa kwaya ya bwana yake? Labda baba alizaa kule Goma. Donc, basi, akifika, we umuangalie pua."

Pua ya ukoo wetu haijifichi. Mama Furaha alipofika kwa pikipiki, gitaa mgongoni, nilimkagua bila aibu: alikuwa na kipua kidogo cha mviringo. Sikuridhika. Aliuliza maji ya kunawa yako wapi, nami nikaona hivyo ndivyo angeuliza mtu anayejifanya mgeni. Nilimpelekea chai, nikamwuliza kama alimjua babu.

"Hapana, mtoto. Mi sijamuona hata siku moja. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Tangu msiba uanze, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia kwamba babu alikuwa akiwapasua sambaza, visamaki vyetu vya ziwani visivyozidi kidole, mmoja mmoja, akiogopa miiba. Akacheka, kisha macho yakamlowa. Mbio nikampasha shangazi habari za machozi hayo.

Kaburini Mama Furaha aliimba peke yake, polepole, kwa sauti nyembamba yenye vumbi kidogo. Wanakwaya walisimama vinywa vimefungwa kama watu waliofukuzwa. Tuliporudi nyumbani, shangazi hakuweza kuvumilia.

"Mama, huyu ni nani yetu?"

"Si mutu yetu," Bibi akajibu. "Ndiyo maana nilimuita."

Hatukumwamini. Shangazi alivuka mpaka kila siku kuuza nyanya, na kwa miezi mingi aliulizauliza huko sokoni kuhusu Mama Furaha. Hakupata kitu, akahitimisha kwamba siri imefichwa na wajuzi. Wanakwaya nao walianza kumsalimia Bibi kwa mbali. Yeye akahamia misa ya alfajiri, ile isiyo na kwaya, na sisi tukasema anaona haya.

Bibi alifariki bila kutueleza zaidi. Kisha mwaka jana tulimzika mama yangu. Mama na dada zake walikuwa wakiimba pamoja tangu usichana wao, na siku ile dada zake waliimba wimbo waliouzoea. Walipofika pale ambapo mama alikuwa akiingia na sauti ya pili, hakuna aliyeingia. Wao waliendelea. Mimi nilibaki palepale, nikisubiri, na sehemu iliyobaki ya wimbo sikuisikia kabisa.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi. Katika kila wimbo wa kwaya ile palikuwa na mahali pa babu, na pangekuwa patupu. Alihitaji sauti ambayo babu hakuwahi kusimama kando yake, ili kwa siku ile moja aweze kusikiliza wimbo mpaka mwisho bila kumtafuta mume wake ndani yake.