Leo nimefanya mtihani wangu mwenyewe

Leo wanafunzi wangu wamenikamata, na sikuwa na pa kutokea.

Mimi ni mwalimu wa Historia, huku Pasiansi. Kila nikirudisha insha za kidato cha nne lazima nifoke: "Hoja sita, dakika arobaini. Mnashindwaje?"

Asubuhi Neema, kiranja wa darasa, akasimama.

"Samahani mwalimu. Na wewe andika, tukuone."

Darasa zima likapiga makofi. Ningekataaje?

Wakaniketisha dawati la mbele, magoti yamebana, simu wamechukua. Swali ni lile lile nililowapa wao: kwa nini wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walianzisha vyama vya ushirika.

Jamani, babu yangu alilima pamba Magu! Nikaanza na mizani ya wanunuzi iliyokuwa ikimpunja. Nikaandika weee.

"Zimebaki dakika tano," akasema Neema.

Nilikuwa hoja ya pili.

Nikaomba kwenda kujisaidia.

"Mwalimu, si ulisema hakuna kutoka?"

Basi nikabaki pale, jasho linadondokea karatasi, darasa zima linanitazama.

Wamenisahihishia hapo hapo, kwa kalamu yangu nyekundu. Saba kwa ishirini. Chini wameandika yale yale ninayowaandikiaga wao: "Unajua, ila hupangi muda. Onana na mwalimu wa somo."

Haya. Niko ofisini tangu saa nne, namsubiri.

Mnaomfahamu, mwambieni asinifokee.