Mama Eseza, Aliyeimbisha Nyumba ya Vällingby

Alizaliwa mwaka 1958 katika vilima vya karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, binti wa mkulima Zephania, katika jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Alipokuwa msichana, serikali ya kijeshi ilipiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha kwa hofu. Zephania hakuiacha. Kila Ijumaa jioni alifunga mlango na kuwaimbisha wanawe zaburi kwa sauti ya chini.

Eseza alifika Stockholm mwaka 1987, mjane na mkimbizi, akapata kazi ya kupika katika shule moja ya kitongoji cha Tensta. Majira ya baridi jua la hapa hutua watu wakiwa bado kazini, hivyo aliomba siku ya Ijumaa aingie alfajiri ili awahi kuipokea Sabato, ambayo huanza Ijumaa jua likitua. Waganda wachache wa dini yake walikusanyika nyumbani kwake katika kitongoji cha Vällingby. Wazee walijua Kiganda, watoto walijibu kwa Kiswidi, na Kiebrania kiliwashinda wengi. Kwa hiyo alishika desturi ya kale ya Wayahudi: wimbo usio na maneno, ambao hata mgeni huweza kuuitikia.

Sisi wa kanisa la Wakongo la Tensta tulimjua kupitia Mama Kahindo. Kahindo alipofiwa na mwanawe wa pekee, tulimwendea na mahubiri, naye akatugeuzia uso ukutani. Eseza alikuja, akaketi chini karibu naye bila kusema neno, kwa kuwa Wayahudi humwachia mfiwa aanze kusema. Alirudi kila siku. Siku moja akaanza kuimba polepole ule wimbo usio na maneno, na Kahindo, ambaye hakuwa ameongea tangu mazishi, akaitikia. Kisha akaomba chai. Kahindo mwenyewe huuita muujiza, nasi hatumpingi.

Mwaka 2023 chuki na vitisho dhidi ya Wayahudi viliongezeka, na wengi wao mjini waliingiwa na hofu. Mukasa, dereva wa basi aliyekuwa wa pili kwa uongozi baada ya Eseza katika kundi lile la Vällingby, alitaka wasali kimya, maana majirani wangesikia na ndani mlikuwa na watoto. Eseza hakumdharau, naye aliogopa. Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Kaka Mukasa, mlango tutaufunga kwa funguo mbili ukitaka. Lakini watoto hawa wasijifunze kwetu kunong'ona." Waliendelea kuimba, ingawa Mukasa alikaa amefumba mdomo.

Masika yaliyofuata Eseza aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Upasuaji ulimwachia uhai, ukamwondolea sauti. Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka hospitali watu walijaa sebuleni, Kahindo akiwamo, wakamtazama kama walivyozoea. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Ndipo akaanza kugonga meza kwa vidole, akimwangalia Mukasa. Mwisho Mukasa akaanzisha wimbo, sauti yake nzito ikipotoka, na machozi yakimtoka. Mtoto mmoja alicheka. Kahindo akaitikia, kisha wote, na dirisha lilikuwa wazi.

Eseza alifariki Januari 2025. Katika siku saba za maombolezo, nyumba ile ilipokea Wayahudi kutoka katikati ya mji na Wakristo wa Tensta na Sundbyberg. Tulikaa na wafiwa kwa namna Eseza alivyokaa na Kahindo. Mukasa ndiye anayeongoza Ijumaa hadi leo, na bado sauti yake hupotoka.

Hakuwa wa dhehebu letu, wala hatumdai awe wetu. Tunaandika maisha yake ili tumwige. Unapokwenda kwa aliyefiwa, acha mahubiri nyumbani. Na siku mwenzako aliyezoea kuanzisha wimbo atakaposhindwa, usimngoje mwenye sauti nzuri. Anzisha wewe.