Kabla ya Kuwacheka Watu wa Kale

Mwalimu Dorotea Masatu alifundisha saikolojia katika chuo cha ualimu karibu na Bunda, miaka ile ambayo sukari ilipangiwa foleni na ubaoni tuliandikia muhogo mkavu badala ya chaki. Alikuwa mzaliwa wa Suguti, mfupi, mwenye sauti ya kumwamsha mtu ng'ambo ya ziwa. Chuo kizima kilikuwa na kitabu kimoja cha saikolojia, na sura yake ya historia panya walishaimaliza.

Mwenzake, Mwalimu Leonardi, hakuona shida. Aliwajua wataalamu wote kwa kichwa, majina na miaka, akawapanga ubaoni kama wafalme: huyu alimshinda yule, yule akashindwa na mwingine, mpaka tukafika sisi wenye akili.

"Kwa hiyo wote waliotutangulia walikuwa wamepotea tu, wakitungoja sisi?" Dorotea alimuuliza kwenye chumba cha walimu.

"Dada, mtihani unauliza nani na lini."

"Nami nauliza kwa nini."

Akageuza darasa lake kuwa baraza. Kila mwanafunzi alipewa wazo la kale lililokwisha kutupwa, alitetee kana kwamba ni lake. Sharti lilikuwa moja: ukicheka, unasimama wewe, unataja swali ambalo mtu yule wa kale alikuwa anajaribu kulijibu. Ukishindwa, unachota maji ya jikoni.

Wiki ya kwanza wapishi walifurahi sana.

Nyamhanga, mtoto wa wafugaji, alipewa wazo kwamba akili inakaa moyoni. "Sisi nyumbani ng'ombe wakipoteaga," alisema, "kinachonidunda ni hapa kifuani. Kichwa kimetulia tu kama chungu. Mtu wa zamani angesema nini?" Hakuna aliyecheka.

Kisha akaja mkaguzi kutoka Musoma, Ndugu Pastory, mtu mwenye upara na suti iliyopigwa pasi vizuri. Siku hiyo zamu ilikuwa ya msichana aitwaye Wankyo. Kazi yake ilikuwa kuwatetea wale waliodai kwamba tabia ya mtu inasomeka kwenye vinundu vya fuvu lake. Alizunguka akipapasa vichwa vya wenzake kama anayechagua tikiti sokoni. Mkaguzi, aliyekaa nyuma, akaangua kicheko.

Darasa zima likageuka kumtazama. Leonardi, aliyekuwa amemsindikiza mgeni, akatazama dari.

"Samahani, Ndugu Mkaguzi," Dorotea alisema taratibu. "Hapa tuna sharti." Akamweleza, pamoja na habari ya kuchota maji ya jikoni.

Pastory alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Walikuwa wanauliza kama kila kazi ya akili ina chumba chake kichwani," alisema. Akafikiri. "Na hawakuwa na namna ya kuchungulia ndani ya mtu aliye hai. Wakapapasa nje, kama unavyopapasa gunia la pamba kujua kama lina mawe. Swali halikuwa baya. Mkono ndio uliowadanganya."

"Na kwa nini wazo lao lilipendwa?" Dorotea akauliza.

"Nadhani wapo waliotaka kuambiwa kwamba wamezaliwa bora kuliko wengine."

Wankyo akaomba ruhusa, akaupapasa ule upara, akatangaza kwamba amekuta kinundu cha ubishi. Mkaguzi alicheka kuliko wote, na akaendelea kubishana na wanafunzi mpaka lori la kumrudisha Musoma likamwacha. Akalala kwa Leonardi.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, wanafunzi wa Dorotea walikuwa wameng'ara kwenye maelezo na kuanguka kwenye majina. Mmoja aliandika kwamba maabara ya kwanza ya saikolojia ilifunguliwa Ujerumani na "watu wa wakati ule." Dorotea mwenyewe alikwenda kwa Leonardi.

"Kaka, nimewapa maswali nikawanyima wenye maswali."

"Wangu wanawajua wenye maswali," Leonardi akajibu, "ila hawajui walikuwa wanatafuta nini."

Wakaanza kufundisha pamoja, huyu kulia kwa ubao, yule kushoto, wakikatizana maneno. Kufikia wakati maduka ya Bunda yalipojaa tena sabuni na vitabu, wanafunzi wa madarasa mengine walikuwa wanakuja kusimama dirishani. Somo lao la mwisho kabla Dorotea hajastaafu lilihusu kama saikolojia ni sayansi moja au ni ndugu wengi walioshindwa kugawana kiwanja. Kengele ililia hawakuisikia. Ikabidi mpishi aje kuwaambia ugali umepoa, wakatoka naye mlangoni wakimuuliza yeye anaonaje.